Uliza Kocha: Laktiki mnaionea bure

Mwezi huu karibu maswali yote ni ya miguu, sijui mmekula nini. Nimechagua manne, na la kwanza nitalivuta kidogo maana kila jimu ninayopita nalikuta na nimechoka kulinyamazia.

SWALI: Kocha mambo, mi fundi seremala wa Mbagala, nimeanza jimu mwezi huu. Jumatatu tulipiga miguu, skwati nyingi tu, Jumanne nikaamka fresh nikajiona chuma, Jumatano asubuhi nikashindwa kuchuchumaa chooni, nikashika ukuta kama mzee. Mwalimu wa pale anasema laktiki asidi imeganda kwenye misuli, nirudi nipige tena itoke na jasho alafu ninywe ndimu. Kweli hiyo?

JIBU: Poa fundi, pole na choo. Mwalimu wako simlaumu sana, hata mimi nilifundishwa hivo hivo nikaja kuwafundisha watu hivo hivo miaka kibao, ila siyo kweli. We angalia saa tu. Laktiki, yaani kile kitu msuli unachokitoa ukichoma sukari haraka, inapanda ukiwa unafanya kazi nzito, ukiacha mwili unaanza kuila, yaani moyo unaichoma kama mafuta na ini linaigeuza tena kuwa sukari, baada ya kama saa moja hivi damu imerudi kawaida. Kwa hiyo Jumatatu usiku unakula ugali wako yenyewe imeshaondoka zamani, sasa inashtakiwaje kwa kosa la Jumatano?

Chanzo cha haya maneno ni vyura. Mwaka 1907 pale Cambridge, wanasayansi Fletcher na Hopkins walipima misuli ya chura iliyochoshwa wakakuta laktiki imejaa, baadaye wenzao Hill na Meyerhof wakapata Nobel ya 1922 kwa kazi zao za misuli, na ilikuwa kazi safi kabisa, ila huku mitaani tukaifupisha ikawa asidi inakula nyama. Kukutwa eneo la tukio siyo kuwa mwizi jamani.

Kilichokuumiza wewe ni kushuka. Ukiwa unashuka kwenye skwati, misuli ya mbele ya paja imekaza lakini hapo hapo inavutwa irefuke, ni kama nyie mnavyoteremsha kabati ghorofani kwa kamba, mikono imeshika lakini kamba inaachiwa kidogo kidogo. Kazi hiyo haikati pumzi, na hapo ndo mtego ulipo, mwili unaona ni kazi nyepesi unaita nyuzi chache za msuli, kila uzi unabeba mzigo mkubwa kuliko kawaida yake, zingine zinachanika ndani kwa ndani kidogo sana. Mafundi wa mwili wakija kukarabati panavimba, mishipa ya fahamu ya pale inakuwa na hasira, na ukarabati huo una siku zake ndo maana maumivu yanapanda mpaka kilele kati ya saa 24 na 72. Waulize waliofika kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, kupanda walilia pumzi, kushuka wakalia mapaja.

Usirudi kupiga nzito wiki hii. Tembea, au endesha baiskeli mdogo mdogo, hiyo inapoza maumivu kwa muda. Ndimu kunywa kama unaipenda tu. Habari nzuri ni kwamba msuli ukishapigwa hivo mara moja unajifunza, ukirudia mzigo ule ule baada ya wiki moja mbili hutaumia kama mwanzo, kwa hiyo hata siku ile ungepiga seti mbili ukaenda nyumbani ungepata kinga hiyo hiyo bila kushika ukuta. Kitu kimoja sitanii nacho: ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi na misuli imevimba imekosa nguvu, hospitali siku hiyo hiyo, maana msuli uliovunjika sana unamwaga uchafu kwenye damu na figo ndo zinalipa.

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nakimbia mita 400 shuleni. Mita 300 za kwanza naongoza, 100 za mwisho miguu inakuwa mbao, nikiiambia iende haiendi na wananipita wote. Ni pumzi au ni uoga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Siyo uoga. Msuli una akiba ya haraka inaitwa fosfokriatini, ukitoka kwa kasi yote ndo inayotumika na inakupeleka kama sekunde kumi hivi inakuwa imeshuka sana, baada ya hapo mwili unachoma sukari bila kusubiri oksijeni ya kutosha. Hata Usain Bolt siku ile alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 pale Berlin 2009 kasi yake kubwa ilikuwa kati ya mita 60 na 80, mwishoni alikuwa anapungua, ila alikuwa anapungua kidogo kuliko wenzake ndo maana macho yanadanganyika tunaona kama anaongeza.

Sasa ile mbao. Msuli unakaza pale kalsiamu inapomwagwa ndani yake, vikono vidogo vilivyomo ndani ya msuli vinakamata nyuzi na kuvuta, vinaachia, vinakamata tena. Ile fosfokriatini ikishavunjwa inaacha fosfeti, fosfeti ikirundikana vikono vinakamata kinyonge, kalsiamu nayo inamwagwa kidogo, na kuachia kunachelewa. Yaani amri ya ubongo inafika lakini kiwandani mashine zinakwama. Asidi ina mchango wake hapo, siikatai, ila siyo bosi.

Kwa hiyo dawa yako ni kugawa mbio. Yule Mkenya David Rudisha, Olimpiki ya London 2012, alikimbia mita 800 kwa 1:40.91, mzunguko wa kwanza 49.28 na wa pili 51.63, rekodi ya dunia ile na bado nusu ya pili imekuwa nzito, ila kushuka kwake ni sekunde mbili na kidogo tu. Mwambie mwalimu akupime mita 200 ya kwanza na ya pili, naomba tofauti uniandikie. Nakisia unatoka kama umeiba kuku.

Na usichanganye hii na kuishiwa chaji kwa wakimbiaji wa maratoni pale kilomita ya 30 na kitu, ile ni sukari ya kwenye misuli na ini imeisha, stoo nyingine kabisa.

SWALI: Mimi nina miaka 67, niko Tanga. Ndoo ya maji bado naibeba bila shida, lakini kuinuka kwenye kiti mpaka nijishike, na juzi nilijikwaa nikaanguka, zamani ningejidaka. Nguvu ninazo, sasa tatizo liko wapi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kuanguka. Umeuliza kitu ambacho vijana wa jimu hawakijui. Nguvu ya kubeba ni moja, uwezo wa kuitoa nguvu hiyo haraka ni mwingine, na huo wa haraka umri unaula mapema zaidi. Msuli una nyuzi za pole na nyuzi za kasi, hizi za kasi ndo zinazosinyaa sana uzeeni, na kujidaka ukijikwaa ni kazi yake maana hapo huna hata sekunde moja. Ndoo haina haraka, ndo maana bado inakutii.

Chukua kiti imara kiegemezwe ukutani, inuka kwa kasi unayoiweza, kaa taratibu, mara nane, pumzika dakika mbili, rudia. Mara mbili tatu kwa wiki. Mwanzoni mjukuu asimame karibu. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana acha hapo hapo, na kama una presha au moyo muone daktari kwanza kabla hujaanza.

SWALI: Kocha nikinywa kriatini nitatoka kifua?

JIBU: Kifua kinatoka kwa kunyanyua na kula. Kriatini inaongeza ile akiba ya haraka niliyomwambia mwanafunzi hapo juu, kwa hiyo unaweza ukapata marudio moja mawili ya ziada, gramu 3 mpaka 5 kwa siku inatosha. Utaongezeka uzito kidogo, ni maji tu. Mwenye shida ya figo aongee na daktari kwanza.

Na yule dada aliyeuliza kama mkanda wa kutikisa tumbo unajenga misuli akiwa amelala: swali nimeliona, nitakujibu toleo lijalo hasira zikishuka.