Miaka miwili bado "kibarua", na vigae vilivyovunjika ukatwe wewe

Ndugu uliyeuliza, nimekusoma mara mbili. Unapakia na kushusha mzigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, miaka miwili sasa. Unalipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa na karatasi huna hata moja. Juzi katoni tatu za vigae zikavunjika mkishusha, tajiri akakata malipo yako ya wiki nzima. Unataka kujua kama ana haki hiyo, na kama unaweza kumdai bila kumwaga unga. Aliyekujibu "tajiri ni tajiri, vumilia" naona amekupa pole tu, jibu hakukupa.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Miaka tisa nilibeba magunia kwenye godauni moja Shimanzi. Sasa nina karakana ya makochi Changamwe, na mafundi wanne.

Kule godauni tulikuwa tukiandikwa upya kila asubuhi kwenye daftari, majina yale yale mwaka baada ya mwaka, na karani akitukumbusha kwamba sisi ni watu wa siku. Siku hizo nilimwamini. Baadaye ndipo nikajua kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 haijali jina alilokupa karani. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi mzima, au kazi yenyewe ikiwa si ya kumalizika ndani ya miezi mitatu, basi unahesabiwa mwajiriwa wa mwezi. Wewe una miaka miwili! Una siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka ukilipwa, na ukiachishwa, notisi ya siku 28 au pesa zake. Ukiugua ukaleta karatasi ya daktari, siku 7 kwa malipo kamili na 7 nyingine kwa nusu. Mkataba wa maandishi ni jukumu lake yeye. Asipokuwa nao, mkifika mbele ya sheria yeye ndiye wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Sasa vigae. Sheria inamruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi yako. Katoni kuteleza mkononi si makusudi. Na hata pale anaporuhusiwa kukata, makato yote yakijumlishwa hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Hakuna hesabu ya kuhalalisha kukata malipo ya wiki nzima hapo.

Lakini nikwambie na ya kwangu, maana usije ukadhani matajiri wote tunaamka na roho mbaya. Mwaka wangu wa kwanza karakanani, fundi alikata kitambaa cha mahameli kikawa kifupi, cha mteja wa Nyali ambaye tayari alikuwa amekasirika. Nikamkata. Hakusema neno. Kuanzia wiki ile akawa hakati kitambaa mpaka nije niweke alama mwenyewe, hata nikiwa Marikiti natafuta misumari ananingoja. Kazi ya siku mbili ikawa ya nne. Siku moja nikafungua kitabu cha oda, nikakuta vipimo vile vilikuwa mwandiko wangu mimi. Nilimrudishia pesa zake, na aibu juu.

Ninachotaka kwa mafundi wangu si kuitikiwa "sawa bosi". Nataka habari mapema. Feri imekwama Likoni, nipigie kabla mteja hajafika. Mashine inakula uzi, niambie leo. Na mteja aliyeingia kwa mlango wangu usimpeleke kwako jioni umshonee kwa bei ya chini, hilo ndilo linaloniuma kuliko kuchelewa. Kuna na yule wa kuchukua advansi mkesha wa Idd kisha simu haipatikani. Notisi inamhusu na yeye pia, si mimi peke yangu.

Gharama nazo zipo, nisizifiche. Kila mwezi kuna NSSF ya akiba ya uzeeni, bima ya afya ya SHIF, 2.75% inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, na ada ya nyumba ya serikali: 1.5% ya mshahara huo analipa yeye na 1.5% nalipa mimi. Matajiri wadogo wengi wanaogopa hapo, ndiyo maana wanang'ang'ania lile neno kibarua.

Jambo moja hukuuliza, na kwangu ni zito kuliko vigae. Je, una bima ya kuumia kazini? Godauni nilimwona mwenzangu akiangukiwa na pipa mguuni. Alipakiwa tuktuk na noti mbili mkononi, ikawa ndiyo kwaheri. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima hiyo. Liulize.

Usimwendee Jumamosi watu wakiwa foleni. Mwendee siku duka limetulia, baada ya alasiri hivi, na usianze kwa kumtajia vifungu. Mwombe mawili: pesa zako za wiki ile, na karatasi ya kazi. Akitaka kukufukuza kwa kosa, lazima akueleze kosa lenyewe kwa lugha unayoifahamu, na mwenzako mmoja wa kazini akiwepo. Akikataa yote, nenda ofisi ya kazi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa hapa Mombasa, na una miaka 3 ya kufungua madai.

Zile meseji za M-Pesa za kila Jumamosi usizifute. Ndizo daftari lako. Na kama unafikiria kuuza hiyo simu, zihamishe kwanza.