Unaua Wengi, Mbona Hawakuiti?

Jumatatu asubuhi nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mbale, mwenzetu katika mchezo wa kompyuta. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake. "Kaka, shikamoo. Nacheza mvizia mwaka wa pili sasa. Kila pambano likiisha, jina langu liko juu kwa kuua. Lakini Jumamosi mkipanga kikosi cha watu 15 siitwi. Ni wivu au kuna kitu sikijui?"

Niliusoma mara tatu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe mwaka 2020, karibu kwa maneno hayohayo, na niliowauliza walinyamaza. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, mdogo wangu, na mahali pengine itauma.

Mchezo wenyewe ni World of Warcraft Classic. Mhusika ni Rogue, ambaye kikosini kwetu tunamwita mvizia kwa sababu hutembea bila kuonekana hadi aamue kupiga. Uwanja ni Arathi Basin: watu 15 kwa 15, vituo vitano vya kuteka, na wanaotangulia kufikisha pointi 2000 ndio washindi.

Uwanja huo ulifunguliwa kwenye Classic Machi 2020. Mwisho wa mwezi huohuo Uganda nayo ikafungwa. Usafiri wa umma ulisimamishwa, kisha ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Mimi nachapa kadi na mabango Nasser Road, na mji ukiwa mtupu hakuna wa kumchapia. Nilijifungia Kireka na laptopu yangu, na katika usiku huo mrefu nikawapata wenzangu: wa Mombasa, wa Nairobi, wa Mwanza, na mmoja wa Busia nilikozaliwa. Kampala ukiongea Kiswahili bado wapo wanaodhani wewe ni askari. Kule kwenye hedifoni kilikuwa lugha ya nyumbani. Hata vituo tulivipa majina yetu: Zizi, Shamba, Mhunzi, Kinu na Mgodi. Mtu akisema "watatu zizini!" hakuna anayeuliza mara mbili.

Basi nisikilize kilichotokea.

Sisi tuko upande wa Horde, kwa hiyo Shamba ndilo lililo karibu na mlango wetu na Zizi liko karibu na mlango wa adui. Usiku huo nilipewa kulinda Shamba peke yangu. Tulikuwa na vituo vitatu na tulikuwa mbele, 1810 kwa 1640. Nimejificha karibu na bendera, dakika ya tano, ya sita, hakuna anayekuja. Vidole vinawasha. Wenzangu wako kwa Mhunzi wanapigana, nasikia kelele zao, na mimi natazama majani. Mara akapita mchawi wa adui, damu yake imebaki kidogo, anakimbia kuelekea Mgodini. Nikamfuata. Nilimpata, nikamwangusha, na nakumbuka nilicheka kwa sauti.

Nilipogeuka, bendera ya Shamba ilikuwa imebadilika rangi. Mvizia wao alikuwa amekaa palepale muda wote akinitazama, akingoja niondoke. Kuteka bendera kunachukua sekunde 10 tu. Nilirudi mbio, nikamkuta na wenzake wawili, nikafa. Wenzangu wakateremka kutoka kwa Mhunzi kuja kuokoa Shamba, na Mhunzi naye akaenda. Tulishindwa 2000 kwa 1920.

Ubao wa matokeo ulipofunguka nilikuwa wa kwanza kwa kuua. Watu 31. Nilitaka mtu aseme. Kiongozi wetu wa wakati huo akasema jambo moja, watu wote wakisikia: "Huyo wa Kampala ni mzigo." Kesho yake jina langu halikuwepo kwenye orodha. Sikuambiwa kwa nini, sikuambiwa nirekebishe nini. Niliandika ujumbe wa kuuliza, ukasomwa, ukaachwa. Ni miaka sasa, na bado nikiandika haya moyo unaenda mbio. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hakuwa na haki ya kuninyima sababu. Ndiyo maana wewe wa Mbale unapata makala nzima.

Sababu yenyewe iko kwenye hesabu ambayo nilikuja kuifanya baadaye, nyuma ya risiti ya karatasi za kazini. Ukishika vituo vitatu unapata pointi 10 kila sekunde 6. Piga hesabu: pointi 2000 zinapatikana kwa dakika 20. Ukishika vinne ni pointi 10 kila sekunde 3, yaani dakika 10. Ukibaki na viwili ni kila sekunde 9, nusu saa nzima. Tafuta kwenye hesabu hiyo mahali palipoandikwa watu uliowaua. Hamna. Yule mchawi niliyemwangusha alifufuka makaburini muda mfupi baadaye akiwa mzima, nguvu zimejaa. Nilimpa safari ya bure, nikatoa Shamba.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: kaa. Ukipewa bendera, kaa kwenye bendera.

Jambo la pili linatuhusu sisi hasa tunaochezea Uganda. Seva zetu ziko Ulaya. Mimi nikiwa na intaneti nzuri pingi yangu, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, ni kama milisekunde 170, na jioni watu wakirudi makwao hupanda kupita 200. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari za pwani ya mashariki zilipokatika, kwa siku kadhaa sikuweza hata kutembea sawasawa. Mholanzi unayepambana naye ameona pigo lako, ameamua na amejibu, wewe bado picha yako haijafika. Nilihangaika miezi mingi kujifunza kumkatiza mganga wa adui kwa Kick katikati ya dua yake. Dua ya sekunde moja na nusu, toa muda wa intaneti, toa muda wa jicho na kidole, kinabaki nini? Nilikuwa napiga hewa.

Halafu nikaelewa kwamba nimeshika silaha nzuri kuliko zote kwa mtu wa pingi 200 na sijui kuitumia. Mvizia huichagua mwenyewe dakika ya kuanza. Kabla hujapiga hakuna anayekungoja, hakuna anayeshindana na kidole chako, na intaneti yako mbovu haina madhara. Ukishatoka gizani, faida hiyo imekwisha, sasa mnashindana kwa kasi na wewe ndiye wa polepole. Kila sekunde unayobaki umefichwa ni mali yako. Usiiuze kwa bei ya mchawi mmoja mwenye damu kidogo.

Sap ndiyo inayofaa kuliko zote hapa. Unampiga kisogoni, analala, nawe kama umeweka pointi tatu kwenye Improved Sap unarudi gizani mara tisa kwa kumi. Inakubali tu kwa adui ambaye hayuko vitani, na unaweza kumlaza mmoja tu kwa wakati. Druid akishageuka dubu au chui, Sap haimlazi, usijaribu.  Mlaze mlinzi, mtazame. Akizinduka mapema, ondoka, ngoja kidogo, rudi umlaze tena. 

Ukiwa mlinzi, geuza mambo. Mwizi wa bendera lazima atoke gizani ili aiguse, na pigo lolote linamkatiza. Wale wa Ulaya wanamwacha afike sekunde ya nane ndipo wampige, apoteze muda wake wote. Wewe wa Kampala au Mbale usifanye hivyo. Mpige sekunde ya sita. Nilijaribu ya nane mara mbili, na mara zote mbili bendera ilishakwenda wakati kwenye kioo changu bado alikuwa anaivuta.

Vanish, uwezo wa kutoweka ghafla, nayo watu wanaitumia vibaya kama nilivyoitumia mimi. Hailishindi jeraha linaloendelea kukula. Kama umewekewa sumu au laana inayochoma polepole, utapotea na kuonekana tena papo hapo, nayo hairudi kwa dakika tano. Usiingoje hadi damu iishe. Itumie mapema, mwilini hamna kitu kinachochoma, wakati bado una nguvu ya kwenda kufanya jambo la maana.

Mengine nayapitia haraka. Mkaribie adui kwa nyuma, akikutazama usoni anakuona upesi zaidi. Taa ya mwindaji, inayofichua waliojificha, ikiwaka, toka kwenye duara, usibishane nayo. Kiwekee kirauta chako betri ndogo, kwa sababu laptopu ina chaji yake lakini umeme ukikatika ni rauta inayokufa kwanza. Pakua masasisho ya mchezo usiku wa kuamkia Jumamosi na si Jumamosi yenyewe, kwani ndiyo yanayokula bando; kucheza kwenyewe hakuli sana.

Na ongea. Idadi kwanza, mahali baadaye. "Wanne, mgodini." Basi. Usieleze hadithi, usilie, usimlaumu mganga. Mvizia anayeona watu wanne wakielekea Mgodini na akanyamaza ili akamfuate mmoja, huyo hata akiua 50 ni hasara kwa wenzake. Nasema hivi kwa sababu nimekuwa huyo mtu. Vijana wetu wengi ni huyo mtu. Tunataka kuonekana, na tumechagua kazi ambayo thamani yake yote ni kutoonekana. Mama yako anapofunga mlango usiku hakuna anayempigia makofi, lakini siku asipoufunga mtaa mzima utajua. Jifunze kufunga mlango.

Sasa nikueleze Jumamosi iliyopita, kwa sababu najivunia na sitajificha katika hilo.

Tulianza saa nne usiku. Hadi katikati tulikuwa na vituo viwili, wao vitatu, na walikuwa mbele kwa pointi karibu 300. Mimi nilikwenda Zizini. Kulikuwa na walinzi wawili, mpiganaji wa upanga na paladini, wamesimama wakitazamana na bendera katikati. Wawili siwezi. Nilikaa nyuma ya ukuta wa banda. Niliona rolex yangu, chapati ya mayai, inapoa mezani, sikuigusa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana wetu wa Mwanza akaniuliza mara mbili kama nimekatika intaneti. Nikamwambia niko. Kikosi chote kikasukuma kwa Mhunzi kwa nguvu, na hapo ndipo paladini akapanda farasi akaondoka kwenda kusaidia. Sikuruka. Nilimsubiri apotee kabisa kilimani, kwa sababu wengine hugeuka. Kisha nikamlaza mpiganaji. Akazinduka kabla sijaigusa bendera. Nikarudi nyuma ya ukuta. Akazunguka, akapiga upanga hewani, akasimama tena. Nikamlaza mara ya pili na kushika bendera.

Sekunde 10 hizo ni ndefu kuliko foleni ya Jinja Road. Ikageuka. Nikasema "Zizi letu," nikasikia watu watano wakipiga kelele kwa pamoja. Bado dakika moja bendera ikomae, yaani kituo kianze kuhesabiwa chetu, na adui wakaja sita. Nilimpiga kila aliyejaribu kuigusa, nikafa pale pale ikiwa imebaki sekunde chache, ikakomaa. Watu sita wao Zizini maana yake kwa Mhunzi wamebaki wachache, na wenzangu wakamchukua. Vituo vinne. Tukamaliza 2000 kwa 1890.

Usiku mzima niliua watu wanne. Ukitazama ubao niko karibu chini kabisa. Kiongozi yule wa 2020 siku hizi hucheza nasi mara mojamoja, na Jumamosi alikuwepo. Alisema "Kazi safi, Kampala." Hakutaja yale ya zamani, nami sikumkumbusha.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbale, si wivu. Nimeongea na wenzangu kuhusu wewe. Jumamosi hii tunaingia saa nne usiku kama kawaida, uwe hewani saa tatu na nusu tukujaribu sauti. Beba Flash Powder ya kutosha, unga unaotumika kila ukipiga Vanish. Nafasi iliyopo ni moja, ya kulinda Shamba peke yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Nijibu kabla ya Ijumaa.