Siku moja ya bure Tanga

Umesema unakuja na mkeo kwenye harusi, Jumapili mtakuwa huru, na unauliza kama Tanga kuna baa ya mvinyo. Ndugu yangu, baa ya mvinyo kama za Masaki kule Dar usiitafute, utachoka bure. Hoteli za Raskazone, mtaa wa ufukweni hapa Tanga, huwa na chupa mbili tatu. Ulizia ya Dodoma kwanza, na uombe iliyokaa kwenye friji, maana joto la huku linaharibu mvinyo upesi.

Asubuhi nendeni mapango ya Amboni kabla jua halijawa kali. Ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Shemeji avae viatu vya kufunga, si vile vya harusini! Ndani kuna giza totoro, na kwingine mnapita mmeinama. Mwambieni mwongozaji awafikishe penye mzimu, mahali watu wanapoacha sadaka zao.

Mchana pumzikeni. Mkiwa na nguvu, pitieni makumbusho ya Urithi katika boma la Mjerumani, haichukui muda.

Jioni ndiyo Tanga yenyewe. Tafuteni pweza wa kuchoma: anakatwa vipande vidogo mbele yenu, mnadunga kwa kijiti, mnachovya kwenye pilipili ya ukwaju, na supu yake mnakunywa kikombeni, ya moto. Mimi huanzia hapo, kisha muhogo wa nazi. Kahawa chungu na kashata mwishoni, kwenye benchi la muuza kahawa. Chenji muwe nayo.