Mwalimu wa Mafinga na mashine ya santuri kutoka Marekani

SWALI: Fundi, habari za Mbeya. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Mafinga. Marehemu baba aliniachia santuri nyingi, karibu zote zile ndogo za 45 za muziki wa dansi, na chache nene za zamani ambazo ukiziangusha zinavunjika. Nimetenga shilingi milioni tano nipate mashine ya maana ya kuzipigia. Kijana wangu aliyeko Marekani ameona moja iliyotumika, ya mkanda (mota iko pembeni, na mkanda wa mpira ndio unaozungusha sahani), ina sahani ya kioo. Anasema wajuzi wa huko hawataki zile za ma-DJ zenye mota chini ya sahani. Ampilifaya yangu ni mpya na haina tundu lililoandikwa PHONO. Nimwambie anunue?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Mwambie asilipe kwanza. Mkanda sina ugomvi nao, shida iko kwenye umeme.

Mashine nyingi za mkanda, hasa za zamani, zina mota ya AC ambayo kasi yake inafuata mawimbi ya umeme wa ukutani. Marekani umeme ni volti 120, hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 230, hezi 50. Watu hununua transfoma ya kushusha volti wakadhani kazi imekwisha. Transfoma inashusha volti, lakini hezi haizigusi. Mota ile ikifika Mafinga inapungua kasi kwa sehemu moja ya sita: mizunguko 45 kwa dakika inakuwa 37.5, na 33⅓ inakuwa kama 27.8. Sauti inashuka nusutoni tatu na ushee. Mbaraka Mwinshehe atakuimbia kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane.

Tiba ipo kwa baadhi ya mashine. Linn Sondek LP12 na Thorens TD 160 za zamani zilikuwa na puli za aina mbili, ya hezi 50 na ya hezi 60, kwa hiyo unabadilisha puli na kurekebisha volti. Nyingine za mkanda hutumia mota ya DC, ya umeme kama wa betri, au zina saketi inayotengeneza mawimbi yake yenyewe. Hizo ukizipa adapta sahihi hazijali ziko nchi gani. Ila kujua ipi ni ipi kwa kutazama picha mtandaoni ni kubahatisha. Na siku umeme ukikatika ukawasha jenereta ndogo, mota inayofuata hezi itafuata na za jenereta, ambazo hupanda na kushuka kila friji likiwaka.

Ndiyo maana kwa mtu wa nyanda za juu mimi huelekeza kwenye mota iliyo chini ya sahani, hizohizo za ma-DJ. Kampuni ya Technics ya Japani ilitoa mashine yake ya SL-1200 mwaka 1972, na Mk2 ya mwaka 1979 ikaja na fuwele ya kutunza kasi, kama ile iliyo ndani ya saa ya mkononi. Fuwele hiyo haijali hezi za ukutani. Ma-DJ waliipenda kwa sababu inashika kasi mara moja na haiharibiki ovyo, na sioni ubaya wa sifa hizo sebuleni kwa mwalimu. Uzalishaji ulisimama mwaka 2010, ukarudi mwaka 2016. Lawama ya zamani kwamba mota za namna hii zinatikisa sahani ilikuwa na ukweli wake, lakini hizi mpya zina mota isiyo na kiini cha chuma, ambacho ndicho kilichosababisha mtikisiko ule.

Kwa mfuko wako ningechukua SL-1500C ya Technics haohao. Bei yake huko nje inazidi dola 1,000, kabla ya usafiri na ushuru. Ina kasi zote tatu, 33⅓, 45 na 78, na ndani yake kuna saketi ya kukuza sauti ya sindano, kwa hiyo lile tundu la PHONO halikuhusu tena. Katriji inayokuja nayo (kile kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), Ortofon 2M Red, inatoa milivolti 5.5 hivi, wakati CD inatoa karibu volti mbili. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la AUX bila saketi hiyo utasikia sauti ndogo, kavu, haina besi, maana besi hupunguzwa makusudi santuri inapochongwa na lazima irudishwe wakati wa kupiga. Hakikisha unanunua ile ya volti 220–240. Kwa hilo ndugu aliye Uingereza au Dubai atakufaa kuliko kijana wa Marekani, bila kumvunja moyo.

Hela itakayobaki, iweke kwenye sindano. Santuri za baba zilipigwa kwenye gramafoni za sanduku zenye mkono mzito, na mtaro umelika pale sindano za duara zilipokuwa zinapita. Almasi iliyochongwa vyembamba inagusa ukuta wa mtaro mahali pengine, pasipolika sana. Sindano ya 2M Blue, daraja moja juu ya Red, inaingia kwenye mwili uleule wa 2M Red: unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, hapohapo mezani. Katriji za bei mbaya za aina ya MC, zenye koili ndogo inayotikisika pamoja na sindano, zinasifiwa sana, lakini sindano yake ikiisha huibadilishi mwenyewe, na wewe uko Mafinga.

Uzito ambao sindano inakandamiza santuri, kwa Red, ni gramu 1.8. Nunua mizani ndogo ya dijitali, usikisie kwa kidole. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi inarukaruka ndani ya mtaro na kuzigonga kuta. Na kuna baridi. Mpira mdogo unaoshikilia sindano unakakamaa kwenye baridi, na watengenezaji hupima uzito huo wakiwa kwenye nyuzi 20 na kitu. Asubuhi ya Juni au Julai huko kwenu, acha chumba kipate joto kwanza.

Zile nene zinazovunjika ni za mizunguko 78, zimetengenezwa kwa shelaki. Usizipige kwa sindano hiyo hata siku moja. Mtaro wake ni mpana. Unahitaji katriji ya pili yenye ncha ya mikroni 65 hadi 75, ukiwa umeifunga kwenye kichwa chake cha kuchomoa ili kubadilisha iwe kazi ya dakika moja. Kisha pima uzito upya. Wala usizifute kwa spiriti, shelaki inayeyuka kwenye spiriti.

Mahali pa kuweka ni rahisi. Kama nyumba ni ya matofali ya kuchoma, funga rafu ukutani, mbali na spika. Paini ya Sao Hill inatosha ukiweka juu yake kipande cha jiwe zito, maana malori ya Tunduma hayalali.

Kama kijana bado anaing'ang'ania ile ya kioo, akupigie picha kibandiko cha nyuma. Kikisomeka "120V 60Hz" na muuzaji hana puli ya hezi 50, aiache hukohuko.