Maswali ya wasomaji: Unataka kuhama bima ya afya?

Swali: Huu ni mwaka wa tatu najilipia bima ya afya. Wakala wa kampuni nyingine ananiambia kwao ada ni ndogo na kikomo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa kwa mwaka, ni mara mbili ya changu cha sasa. Nina presha na nameza dawa kila siku. Nihame?

Jibu: Kipeperushi kisikuamulie. Mwombe wakala kitabu kizima cha masharti pamoja na jedwali la mafao, lile linaloonyesha kikomo cha kila huduma. Akisema utavipata ukishalipa, achana naye.

Kitabu ukianzie kwenye mambo ambayo bima hailipii, kisha utafute panaposemwa maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Presha yako imo humo. Kuna kampuni zisizoilipia kabisa, nyingine huilipia baada ya kipindi cha kusubiri, ambacho mara nyingi ni mwaka au zaidi, na nyingine huipa kikomo chake, kidogo. Kipindi ulichokwisha kukimaliza kwenye bima ya sasa hakihamii chenyewe; kwa kawaida ukihama unaanza kuhesabu upya. Omba kampuni yako barua yenye tarehe uliyojiunga na uthibitisho kwamba bima yako haijawahi kukatika, uipeleke kule unakotaka kwenda, uulize kama miaka hiyo itahesabiwa. Jibu lije kwa maandishi. Ahadi ya kwenye simu haina kazi siku ya dai, yaani siku unapoitaka bima ilipe.

Hicho kikomo cha mara mbili nacho kichambue. Ni cha kila mtu au cha familia nzima? Jedwali laweza kuandika 5,000,000 kwa mwaka kwa herufi nene, halafu chini, kwenye mstari wa dawa za maradhi ya kudumu, ukakuta 50,000. Wewe wa vidonge vya kila siku, bima utakayoitumia mwezi hadi mwezi ni hiyo 50,000. Gawa kwa gharama ya dawa zako za mwezi mmoja, uone itakufikisha mwezi wa ngapi.

Kwenye fomu, presha iandike, hata wakala akikwambia uiruke. (Yeye kamisheni yake anaipata ukijiunga, si ukitibiwa.) Kampuni nyingi hazichimbi historia yako siku unapolipa ada, huichimba siku bili kubwa inapofika. Faili la hospitali lina tarehe ulipoanza dawa. Ikigundulika ulificha, dai linaweza kukataliwa na mkataba wenyewe kufutwa.

Ukiridhika na yote hayo, bima ya zamani usiikate hadi ushike barua ya kukubaliwa yenye tarehe ya kuanza. Siku chache tu bila bima zinaweza kukufanya uhesabiwe mteja mpya hata pale ambapo wangeihesabu miaka yako ya nyuma.

Swali: Mkataba wangu unasema nitalipa 20,000 za mwanzo, kisha nichangie asilimia 20. Bili ikiwa 100,000 natoa ngapi?

Jibu: 36,000. Toa kwanza 20,000, zinabaki 80,000, asilimia 20 yake ni 16,000, jumlisha. Cha kuuliza ni kama zile 20,000 ni za mwaka au za kila matibabu. Zikiwa za mwaka, bili ya pili ya 100,000 itakugharimu 20,000 tu. Zikiwa za kila matibabu, utatoa tena 36,000. Uliza pia kama kuna kiwango ambacho ukishakifikisha kwa mwaka huchangii tena. Kisipokuwepo, kulazwa muda mrefu kutakuumiza. Na kipimo kisicholipiwa na bima hakiingii kwenye hesabu hii; hicho ni chako chote.

Swali: Nina mimba ya miezi miwili. Nikijiunga leo, bima italipia kujifungua?

Jibu: Ukijiunga mwenyewe, usiitegemee. Uzazi mara nyingi husubiri miezi 9 hadi 12, au zaidi, na umebakiza kama 7. Bima ya kundi la kazini, yako au ya mumeo, huenda ikaondoa kusubiri huko, kwa hiyo anza kuulizia hiyo. Uliza vilevile mtoto anaandikishwa ndani ya siku ngapi tangu azaliwe. Kwa mikataba mingi ni 30. Zikipita, mtoto anaweza kuwekewa kipindi chake cha kusubiri.