Maswali ya wasomaji: Ndege wa uani wakati wa baridi

Baridi imeshika nyanda za juu, na barua kuhusu ndege wanaotua uani zimeongezeka. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nimeona kwenye video watu wa Uingereza wakiwatundikia ndege mafuta ya wanyama wakati wa theluji. Huku kwetu asubuhi majani yanafunikwa na sakitu. Na sisi tuwape mafuta? — Mama wa watoto watatu, Njombe

Mafuta hayahitajiki, mama. London mwezi Desemba usiku huchukua kama saa 16, na ndege mdogo wa kule anaweza kupoteza karibu sehemu ya kumi ya uzito wake kabla hakujapambazuka. Mchana ni mfupi, na theluji ikianguka chakula kinafukiwa. Njombe mwezi Juni usiku unazidi saa 12 kidogo tu, na sakitu huyeyuka jua likishapanda. Isitoshe, huu ndio wakati nyasi zimekomaa na kumwaga mbegu, na mahindi yanavunwa. Ndege mla mbegu ana chakula. Mafuta yenyewe yakipigwa na jua la mchana hulainika, yakamganda kifuani, na manyoya yaliyogandamana hayazuii baridi.

Kinachokosekana sasa ni maji. Mvua zilikwisha tangu Mei na hazirudi kwa uhakika hadi Novemba. Weka sahani pana ya udongo, kina sentimita 1 pembeni na 3 hadi 5 katikati. Ya plastiki inateleza. Kama ndiyo uliyo nayo, tia jiwe la kukanyagia. Badilisha maji kila asubuhi, na yakiganda, tupa barafu umimine ya uvuguvugu. Usitie chumvi kuzuia yasigande, kwa maana chumvi inaua ndege wadogo.

Njaa yenyewe huja na mvua za kwanza. Mbegu zote zilizolala ardhini huota kwa mara moja, na nyasi mpya bado hazijazaa. Wakati huo konzi ya ulezi au mtama ina thamani kubwa kuliko leo. Ukilisha sasa, lisha kidogo, kwa ajili ya kuwaona.

Nimetengeneza chombo cha kulishia kwa chupa ya maji ya lita 1.5 na vijiko viwili vya mbao. Siku ya tatu mtama unashikana na kunuka. Nimekosea wapi? — Msomaji, Mufindi

Ubunifu wako ni mzuri, ila chupa haipumui. Mchana jua huipasha moto. Usiku wa ukungu mvuke hugeuka matone kwenye kuta za ndani, yakatiririka hadi chini. Mtama wa chini unalowa huku wa juu ukionekana mkavu.

Pasha msumari moto, utoboe vitundu vitano au sita vya milimita 3 kwenye kitako, maji yatoke. Toboa vingine vitatu karibu na shingo, chini ya kifuniko, mvuke upate njia. Kila kijiko kiinamishe kidogo kuelekea nje. Kikiinamia ndani kinapeleka mvua moja kwa moja kwenye nafaka. Tundu la upande wa bakuli la kijiko liwe kubwa kuliko mpini kwa nusu sentimita hivi, punje zitoke zenyewe. Kisha acha kuijaza. Weka gramu 100, kama konzi mbili, uone zinaisha saa ngapi. Zikibaki hadi jioni, kesho punguza, kwa sababu nafaka ya usiku ni chakula cha panya.

Mtama uliovunda usiuanike ukaurudisha. Kuvu huacha kukua nafaka ikikauka, lakini sumu yake, yaani sumukuvu, inabaki, na inaua ndege kama inavyoua kuku. Vilevile usitumie kamwe mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi au kijani. Ukinunua sokoni, uma punje: ivunjike kwa mlio. Ikibonyea, bado ina unyevu.

Kila wiki fua chombo kwa sabuni na brashi, kiloweke dakika 10 kwenye jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9, suuza, kianike mpaka kikauke kabisa ndipo utie nafaka.

Maparachichi yetu mengine hayafai kuuzwa. Niwawekee ndege? — Mkulima, Tukuyu

Hapana. Majani, ganda na kokwa vina sumu iitwayo pesini, na nyama ya tunda nayo si ya kuaminika. Sumu hiyo inashambulia misuli ya moyo wa ndege. Kasuku wadogo na chiriku wa kufugwa wamewahi kufa kwa kuila. Ndizi mbivu ipo kila mahali Rungwe: chomeka nusu kwenye msumari, shorewanda wataigundua. Iondoe jioni.

Shikamooni. Nasoma sekondari hapa Uyole. Darubini ninayo, lakini ndege wote wanaokuja kwenye meza yetu ya kuwalishia wanafanana na shomoro. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanetu. Macho yako hayajakosea. Madume mengi yanayong'aa wakati wa mvua hubadilisha manyoya baada ya kuzaliana, yakawa kahawia yenye michirizi kama majike. Mmojawapo ni kweche, yule mweusi mwenye mgongo wa manjano anayetunisha manyoya yake juu ya nyasi. Sasa hivi amejificha katikati ya hao unaowaita shomoro. Msubiri aruke: manjano ya begani na ya mgongoni, karibu na mkia, huwa hayamtoki.

Anza na mdomo, rangi iache mwisho. Mnene na mfupi ni wa mla mbegu. Mwembamba uliopinda ni wa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua. Kisha tazama kama kifua kina michirizi au ni kitupu, na kama juu ya jicho pana mstari. Kisha mtazame anavyokula, maana hapo ndipo ndege hujitambulisha: njiwa na tetere humeza punje nzima, chiriku humenya na kudondosha maganda. Maganda matupu kwenye sahani yanadanganya watu kwamba chakula bado kipo, yapulize uone.

Kaa mita 5 au 6 kutoka mezani, jua likiwa mgongoni kwako, kuanzia linapochomoza hadi saa 3 asubuhi. Baada ya usiku wa baridi huo ndio muda wanaokula kwa bidii. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 12 inatikisika mkononi. Andika tarehe, saa, idadi na chakula walichochagua. Endelea hadi Januari, utawaona wale wale wa kahawia wakivaa rangi zao.

Jirani zangu wanadai meza yangu itawaita kwelea kwelea kwenye mpunga. — Rujewa, Mbarali

Kwelea kwelea mmoja hula karibu gramu 10 kwa siku, kwa hiyo gramu 100 ni chakula cha ndege kumi. Kundi linafuata mashamba, halifuati sahani. Hata hivyo, watu wanaoamka alfajiri kuamia mpunga wana haki ya kuwa na wasiwasi. Ondoa nafaka, weka maji na maua.

Chozi tumtengenezee nini? — Familia moja, Iringa mjini

Sukari nyeupe kikombe 1, maji vikombe 4, koroga hadi iyeyuke. Bila rangi, bila asali, kwani asali iliyochanganywa na maji huchacha na kuota kuvu upesi. Badilisha kila siku mbili, na kila siku jua likiwa kali. Weka kijiti cha kutua, maana chozi hunywa akiwa amekaa. Kuzuia sisimizi, pitisha waya wa kutundikia katikati ya kifuniko kilichojaa maji na uzibe tundu kwa nta.

Lakini shubiri inayochanua wakati huu wa baridi ni bora kuliko chupa yoyote. Na acheni kupuliza dawa bustanini: chozi hula pia wadudu na buibui.

Njiwa mmoja amejikunyata, manyoya yamefumka, anashindwa kumeza. Kuku wetu huokota chini ya meza. — Baba mfugaji, Mafinga

Ondoa chakula na maji leo hii, baba, kwa wiki mbili, ndege watawanyike. Dalili hizo zinalingana na ugonjwa wa koo wa njiwa, unaoenea kwa mate kwenye nafaka na maji ya pamoja. Safisha meza kwa jiki kama tulivyoeleza, ukwangue na udongo wa chini. Utakaporudisha meza, iweke nje ya eneo la kuku, kwa sababu njiwa wa porini wanaweza kubeba hata kideri, ugonjwa unaoua kuku. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni mwa kila kuku kila miezi mitatu, isikupite. Njiwa akifa, mshike kwa mfuko, mzike kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Wakifa kadhaa, mwite afisa mifugo wa kata kabla hujawazika.