Ukitengeneza jahazi dogo la mbao, chagua upepo kwanza

Mifano mingi ya majahazi inaharibika kwa namna moja. Mbavu zimetoka vizuri, mbao zimebana, rangi imetulia, lakini mlingoti umesimama wima kama nguzo ya umeme, kamba zimefungwa sawasawa kulia na kushoto, na tanga limegandishwa kwa gundi kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Baharia akikitazama chombo hicho anajua hakijawahi kutweka tanga wala hakitatweka. Aliyekitengeneza alianza na mbao, akaziona kamba kama pambo la kumalizia.

Jahazi la mlingoti mmoja halina kamba nyingi. Ukihesabu zile za kazi hutamaliza vidole vya mikono miwili kwa mbali. Meli kubwa za Ulaya za zama za tanga zilikuwa na mamia, na moja ikikosewa hupotea kati ya nyingine. Kwenye jahazi hakuna pa kujificha. Ndiyo maana swali la kwanza, kabla hujakata hata ubao mmoja, ni hili: upepo wa chombo chako unatoka upande gani? Upande unakotoka upepo ndio joshini, unakoelekea ndio demani, na jibu hilo linaamua foromali ikae wapi, kamba za kuushikilia mlingoti zifungwe wapi, na tanga lijaze tumbo kuelekea wapi. Liandike kwenye karatasi ulibandike juu ya meza. Katika makala hii upepo unatoka kulia.

Vipimo

Mafundi wa Matondoni kule Lamu au Nungwi kule Unguja hawajengi kwa mchoro wa karatasi. Vipimo viko kichwani na kwenye jicho. Kwa hiyo mchoro utauchora wewe. Nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, utafute jahazi lililosimamishwa kwa magadi, yaani miti ya kuliegemeza, na uombe ruhusa kwa nahodha. Chukua futi ndefu, uzi, timazi, na fimbo nyoofu yenye alama kila sentimita 25.

Nyosha uzi mchangani sambamba na mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo), mita 3 kutoka katikati ya chombo. Kila baada ya mita 1.28 simamisha fimbo juu ya uzi, ihakikishe kwa timazi, kisha pima kwa mlalo kutoka kila alama hadi ubavuni. Toa kipimo hicho kwenye mita 3. Kinachobaki ni nusu ya upana wa chombo mahali hapo. Pima ubavu mmoja tu. Chombo kilichochongwa kwa tezo hakilingani kabisa pande zote mbili, na kwenye mfano tofauti hiyo itaonekana kama kosa lako.

Namba 1.28 haikutoka hewani. Kwa kipimo cha 1 kwa 32, mita 1.28 ni milimita 40 kamili, nayo ndiyo nafasi nzuri kati ya kiunzi na kiunzi. Jahazi la mita 16 linakuwa na sentimita 50, na upana wa mita 4.8 unakuwa sentimita 15. Ukubwa huo unatosha kwa vidole vya mtu mzima na bado unaingia kabatini. Kata pia kadi yenye umbo la mtu, urefu wa milimita 52, uiweke karibu siku zote. Kila kitu unachotengeneza, ndoo, kana (mpini) ya usukani, abedari (kipande cha mti chenye matundu ya kupitishia kamba), kiweke karibu na mtu huyo. Mtu wa kadi ataona ukubwa usiofaa kabla yako.

Picha piga nyingi: kichwa cha mlingoti, mahali kamba inapofungwa, jinsi foromali ilivyounganishwa. Umbo la jumla utalikumbuka, lakini fundo hutalikumbuka. Usipofika ufukweni, Makumbusho ya Lamu yana mifano ya vyombo unayoweza kuitazama kwa karibu. Mtepe, ule wa mbao zilizoshonwa kwa kamba na tanga la mkeka, ni kazi nyingine kabisa. Usichanganye vipande vyake na vya jahazi.

Kiunzi na mbao

Mkuku na fashini zote mbili, miti inayosimama kwenye ncha zake, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma), zikate kwa plaiwudi ya milimita 5 kama kipande kimoja. Viunzi vya kukingama, kama 11 hivi, vikate kwa plaiwudi ya milimita 4. Tundu la kupachika kiunzi kwenye mkuku liingie kwa kusukuma na kidole, si kwa nyundo. Tundu likibana, kila kiunzi kinaupanua mkuku kidogo, na ukifika cha 11 mkuku umepinda kama ndizi. Gundisha vyote huku mkuku umebanwa kati ya fito mbili nyoofu zilizopigiliwa ubaoni, na usiutoe mpaka kesho yake.

Kisha chonga kingo. Kiunzi cha katikati kinabaki karibu mraba, lakini kadiri unavyokwenda omo na tezi ukingo lazima ulale mshazari ili ubao uukalie wote. Laza ufito mwembamba juu ya viunzi vitatu au vinne kwa pamoja: ukigusa ncha tu, chonga; ukipita hewani, bandika karatasi nene au kibanzi. Kazi hii inachosha na wengi huiruka. Ubao wanaoulaza baadaye juu ya ncha kali hufanya kivimbe, wanausugua kwa msasa mpaka unatoboka.

Mbao za ubavuni ziwe za milimita 6 kwa 1.5. Mvule na mtiki ndizo mbao za chombo kikubwa, lakini nyuzi zake ni nene mno kwa 1 kwa 32. Tafuta mti wenye nyuzi laini; mchungwa na mpera ni mizuri, na vipande vyake vidogo vinafaa pia kwa abedari.

Hesabu ya mbao inafanywa kwa ukanda wa karatasi. Zungusha ukanda kwenye kiunzi cha katikati kutoka sitaha hadi mkuku. Tuseme umepata milimita 132: ni mbao 22 za milimita 6. Sasa pima kiunzi cha karibu na omo, tuseme 88. Gawa kwa 22, unapata 4. Kila ubao basi unapunguzwa kutoka 6 hadi 4 ukielekea omo. Ukipata chini ya 3, yaani chini ya nusu ya upana, usipunguze tena. Mbao mbili zimalizie ndani ya moja, la sivyo ncha zitakuwa nyembamba kama njiti na zitapasuka. Tezini mambo hugeuka: nafasi inapanuka, na utahitaji vipande vya kujazia vyenye umbo la kabari.

Anza na ubao wa juu kabisa, usawa wa sitaha, kisha ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka mwisho. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gundi inapokauka huvuta, na chombo kizima kinajisokota. Ubao wa omo uloweke dakika 20 hadi 30, uukunje juu ya bomba la moto, uubane mahali pake bila gundi na uuache ukauke kabisa. Ndipo utie gundi. Ubao uliogundishwa ukiwa mbichi umevimba; ukikauka unasinyaa na kuacha mwanya unaopitisha mwanga. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Ile ya kukamata papo hapo inaacha doa ambalo mafuta hayapiti, na doa halionekani mpaka siku ya kupaka.

Sehemu ya katikati isiyo na sitaha inaonyesha mataruma, yaani mbavu za chombo. Baada ya mbao kukauka, kata na kuondoa viunzi vya plaiwudi hapo, uweke mataruma ya milimita 3 hadi 4, moja kila milimita 12. Yasilingane mno: mataruma ya kweli ni ya mikoko, yamechaguliwa kwa pindo lake la asili.

Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, basi. Chini ya mstari wa maji jahazi hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, kwa hiyo rangi yake ni nyeupe iliyofifia na haing'ai. Juu, mbao zilizozoea sifa, yaani mafuta ya papa, ni za kahawia iliyokolea. Mafuta ya kitani yaliyofutwa vizuri yanatosha. Vanishi ya kung'aa inakigeuza chombo kuwa sahani.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti wa jahazi unainamia mbele. Mwinamo huo unaiacha foromali ining'inie mbali na mlingoti, hivyo wakati wa kugeuza tanga inaweza kuzungushwa kwa mbele. Chonga mlingoti wa milimita 375, unene 9.5 chini na 6 juu. Toboa tundu la henza, kamba ya kupandishia foromali, kichwani na upitishe henza yenyewe kabla ya kusimamisha mlingoti. Baadaye vidole havifiki.

Foromali ni nguzo zaidi ya moja zilizopandishwa na kufungwa. Kwa mfano huu chukua kipande cha milimita 300 na kingine cha 310, vipandane milimita 80, upate 530. Cha juu kipungue mpaka milimita 2.5 nchani. Funga muungano mahali patano kwa uzi wa 0.4, mizunguko kumi kila pahali. Ukitengeneza foromali kwa ufito mmoja laini umepoteza kitu kinachopendeza kuliko vyote kwenye chombo hiki.

Tanga ni la pembe nne, ingawa kwa mbali linaonekana la tatu: ukingo mrefu wa foromali, ukingo mfupi wa mbele, ukingo wa chini, na ule mrefu wa nyuma. Tumia pamba nyembamba iliyofuliwa ili wanga utoke, uitie rangi kwa chai ya rangi. Ukingo wa nyuma ufuate nyuzi za kitambaa. Ukikatwa mshazari utavutika na kupepea kama upindo wa gauni. Mishono ya vipande iwe umbali wa milimita 20 hadi 25. Shonea kamba ya 0.5 kuzunguka kingo zote. Kwenye foromali funga tanga kwa vifundo vilivyo mbalimbali, kimoja kila milimita 15, si kwa uzi mmoja wa kuzungusha.

Tumbo la upepo unalipata kwa gundi nyeupe moja kwa maji matano: lowesha tanga, lining'inize, lipulize kwa mashine ya kukaushia nywele kutoka upande wa joshi.

Kamba

Unene wa kamba: henza 1.5, jarari (ya kuivuta henza) na kamba za kuushikilia mlingoti 0.9, demani (ya pembe ya nyuma ya tanga) 0.8, baraji (za kutuliza foromali) 0.5, vifundo vya tanga 0.25, zote kwa milimita. Rangi ni ya makumbi au katani, kamwe si nyeusi. Sokota mwenyewe nyuzi tatu, na uanze na nyuzi ndefu kwa theluthi moja kuliko kamba unayoitaka. Kisha ipitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Nta inalaza manyoya na kuzuia unyevu. Uzi wa pamba usio na nta unakaza leo na kulegea kesho kutwa.

Gofia, yaani abedari ya juu, ina urefu wa milimita 12 na matundu matatu, abedari ya chini 9 na mawili. Toboa matundu yote kwenye ufito mrefu ndipo ukate vipande. Ukitoboa kipande kilichokatwa tayari kitapasuka. Tundu lizidi kamba kwa 0.2.

Sasa tweka. Tanga liwe limeshafungwa kwenye foromali mezani. Henza inaishika foromali chini kidogo ya katikati yake, kama milimita 220 kutoka ncha ya chini, inapita kichwani mwa mlingoti na kushuka nyuma hadi kwenye gofia. Jarari inakwenda na kurudi kati ya gofia na abedari. Ivute: foromali ipande. Isipopanda, kuna kamba iliyovuka nyingine, na afadhali uijue sasa. Kwa upepo wa kulia, foromali inakaa kushoto kwa mlingoti, imeshikwa karibu kwa kitanzi kilicholegea kiasi cha kuteleza.

Joshi, hapa ni jina la kamba, inavuta pembe ya mbele ya tanga mpaka omo. Ikaze kwanza kuliko zote. Demani, nayo kamba, inarudi nyuma kutoka pembe ya tezini. Baraji zinatoka nusu ya juu ya foromali kuja nyuma, zisikazwe mno, zinaizuia tu isiyumbe. Kamba za mlingoti zinafungwa mwisho, upande wa kulia tu. Za kushoto zimefunguliwa na kukusanywa mlingotini, kwa sababu zikibaki zimekaza zitalikata tanga. Hapa ndipo mazoea ya meli za Ulaya yanapowapoteza watu: wanaweka pande mbili, wanaongeza na ngazi za kamba ambazo jahazi halina.

Usitie gundi kwenye fundo lolote kwa siku mbili. Acha chombo chumbani, kamba zipate hewa ya mchana na ya usiku, kisha zipitie tena kwa kibanio. Itakayokuwa imelegea ikaze, na itakayokuwa imeipinda ncha ya foromali ilegeze. Ndipo tone moja la gundi iliyoyeyushwa kwa maji, kwa ncha ya sindano, na ziada ya kamba ikunjwe duara na kuning'inizwa ikiwa imelowa, na kipande cha waya ndani yake kiivute chini mpaka ikauke.